Mtakatifu Eligius: Sonara Ambaye Moto Wake Haukula Dhahabu



Majilio yanabisha hodi, na tarehe 1 Desemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Eligius, askofu. Kule Ufaransa wanamwita Éloi, na makanisa yenye jina lake ni mengi. Huku kwetu nimekutana na watu wachache wanaomfahamu, hata miongoni mwetu sisi ambao yeye ni msimamizi wetu: masonara, wahunzi, mafundi wa vyuma, na kila anayetafuta riziki kwa nyundo na moto.

Mimi ni sonara. Niko Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa nne kwenye meza ya kazi. Nayeyusha, navuta waya, nalehemu, napachika mawe. Wateja wananiita fundi, ila mwenye karakana bado ananiita kijana, na ana haki yake.

Mwaka jana mlezi wetu wa VIWAWA pale parokiani alitupa kazi. Kila mmoja atafute mtakatifu aliyefanya kazi kama yake, amsome, kisha aje awasimulie wenzake. Dereva akapata wake, muuguzi akapata wake. Mimi nikampata Eligius. Nilidhani ni kazi ya kusoma kurasa mbili tatu na kuja kujisifu mbele ya wenzangu. Kumbe nilikuwa najitafutia matata, maana siku hizo kwenye droo ya meza yangu kulikuwa na kichupa kidogo cha vidonge, na ndani yake havikuwa vidonge. Nitakieleza mbele. Kwanza tumsikie mtakatifu wetu.

Mtoto mwenye mikono

Eligius alizaliwa karibu mwaka 588 huko Chaptelat, kijiji kilicho jirani na mji wa Limoges, Ufaransa ya leo. Wakati huo nchi ilitawaliwa na wafalme wa Wafranki. Baba yake, Eucherius, aliona mapema kwamba mtoto huyu ana mikono. Nadhani mnaelewa ninachosema. Kuna mtoto ukimpa waya anatengeneza gari, na kuna mwingine ukimpa waya anajichoma nao. Huyu alikuwa wa kwanza. Basi baba akampeleka Limoges kwa sonara aliyeheshimika sana, jina lake Abbo, ambaye pia alisimamia karakana ya serikali ya kutengeneza sarafu.

Hapo kijana wetu alifundishwa mambo mawili kwa pamoja: urembo na uzito. Sonara wa kawaida akikosea uzito wa pete, anamwibia mtu mmoja. Anayetengeneza sarafu akipunguza dhahabu kidogo tu, anawaibia watu wote wanaoishika ile sarafu, mpaka mama anayenunua chumvi sokoni. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kwenye karakana ya sarafu anajifunza kuogopa mizani kuliko anavyoogopa moto.

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu siku hizo. Ukiigonga dhahabu kwa nyundo inakuwa ngumu, na ukiilazimisha inapasuka. Lazima uipashe moto mpaka ianze kuwa nyekundu hafifu, uiache itulie, ndipo uendelee kuigonga. Fundi wangu alinifundisha kuzima taa wakati wa kupasha, kwa sababu kwenye mwanga mkali hutauona ule wekundu wa kwanza, na ukija kuuona umeshachelewa, kipande kinaelekea kuyeyuka. Eligius naye aliingia kwenye maisha kwa mpango huo. Alipashwa moto kidogo kidogo, bila haraka, na hakupasuka.

Dhahabu ya mfalme

Alipokomaa aliondoka kwao akaenda kaskazini, akafanya kazi chini ya Bobbo, mtunza hazina wa Mfalme Clotaire II. Mfalme alikuwa anataka kiti cha enzi cha dhahabu chenye vito, na hakumpata fundi wa kukitengeneza jinsi alivyokiwaza. Bobbo akamtaja Eligius. Mfalme akapima dhahabu nyingi, akamkabidhi.

Kijana akaingia kazini. Baada ya muda akarudi na kiti. Mfalme akakitazama, akakisifu, akaagiza fundi alipwe vizuri. Ndipo Eligius akatoa kiti cha pili. Ametengeneza viwili kwa dhahabu iliyopimwa kwa ajili ya kimoja! Mfalme alishangaa, akauliza imewezekanaje. Jibu lilikuwa rahisi tu, kwamba dhahabu ilibaki, na hakutaka ipotee kwa uzembe.

Sasa jamani, nikaribieni hapa. Maisha ya Eligius yaliandikwa na rafiki yake mpenzi, Audoen, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Rouen na mtakatifu pia. Alipofika kwenye habari hii, Audoen aliongeza jambo ambalo liliniingia kama kisu. Anaeleza kwamba Eligius hakufanya kama mafundi wengine, ambao dhahabu ikipungua husingizia meno ya tupa, au husema moto ulikuwa na njaa.

Nilisoma pale nikafunga kitabu. Miaka elfu moja na mia tatu na zaidi imepita, na kisingizio ni kile kile! Moto umekula. Tupa imekula. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nawaambia wateja wangu mwaka jana.

Niwaambie ukweli wa kazi, kwa sababu wengi wenu mtatengeneza pete za ndoa siku moja. Moto hauli dhahabu hivyo. Dhahabu safi hata ukiiyeyusha mara kumi haiungui kama kuni. Kinachopungua ni uchafu, ni lehemu ya zamani, ni shaba iliyochanganywa ndani ikiungua kidogo juu juu, na kiasi kidogo kinachonata kwenye chungu cha kuyeyushia. Tupa nayo haimezi kitu. Inadondosha unga, na ule unga unaangukia kwenye ngozi tuliyofunga chini ya meza kwa ajili hiyo hiyo. Unga upo. Swali ni moja tu, unaenda kwa nani.

Tangu siku ya viti viwili, Clotaire alimwamini Eligius kabisa. Inasimuliwa kwamba mfalme aliwahi kumtaka aape kwa kuweka mikono juu ya masalia ya watakatifu. Eligius akaogopa kuitumia heshima ya watakatifu kwa jambo kama hilo, akakataa kwa unyenyekevu, na alipozidi kubanwa akaanza kulia. Mfalme akamwacha. Akaona kwamba mtu anayelia kwa kuogopa kiapo anaaminika kuliko anayeapa mara mia.

Mkono kazini, jicho kitabuni

Clotaire alifariki mwaka 629, akafuatiwa na mwanawe Dagobert. Eligius akawa mshauri mkubwa wa mfalme huyu mpya, na msimamizi wa sarafu. Zipo sarafu ndogo za dhahabu za enzi hizo zilizobaki mpaka leo zikiwa na jina lake. Dagobert alimtuma hata kwa Judicael, mtawala wa Wabretoni, kutafuta amani, na sonara wetu akarudi na amani.

Audoen anatuchorea sura yake: mtu mrefu, uso mwekundu, nywele za mawimbi, vidole virefu. Mwanzoni alivaa kama watu wa ikulu, hariri na mkanda wenye vito. Sisemi kwa kumhukumu, maana sonara anayevaa vizuri anatangaza kazi yake. Lakini kadiri alivyozidi kumjua Mungu, vile vitu vilianza kumtoka kimoja kimoja kwenda kwa maskini, mpaka watu wakazoea kumwona mshauri wa mfalme amejifunga kamba kiunoni.

Picha yake ninayoipenda kuliko zote ni hii. Anaketi mezani akifanya kazi, na kando yake ameketi Thille, kijana Msaksoni aliyenunuliwa utumwani, anajifunza ufundi. Mbele ya Eligius pamefunguliwa kitabu kitakatifu, ili mkono uwe kwenye dhahabu na jicho liibe mstari mmoja mmoja. Yule Thille baadaye alikuwa mmonaki, na Kanisa linamheshimu kama mtakatifu. Hebu fikiria karakana moja, meza moja, watakatifu wawili.

Na kazi yenyewe? Masonara wa enzi zao walijua kutengeneza vijisanduku vya kuta nyembamba za dhahabu, wakakata jiwe jekundu liitwalo ganeti kuwa vipande bapa, wakavipachika humo kimoja kimoja kama vigae. Chini ya jiwe waliweka karatasi nyembamba sana ya dhahabu iliyopigwa mistari midogo midogo. Mteja haioni karatasi hiyo. Lakini mwanga ukipita kwenye jiwe unaigonga, unarudi, na jiwe linawaka kama kaa la moto. Ukiiacha, jiwe linabaki jeusi kama damu iliyoganda. Mimi nikipachika jiwe siku hizi naikumbuka karatasi ile. Kazi ya chini ambayo hakuna atakayeisifu ndiyo inayolipa jiwe uhai.

Eligius alipamba makaburi ya watakatifu, likiwemo la Mtakatifu Martin kule Tours na la Mtakatifu Denis karibu na Paris. Msalaba mkubwa wa dhahabu na vito uliosimama kwenye kanisa la Mtakatifu Denis unahesabiwa kuwa kazi yake. Ulidumu zaidi ya miaka elfu moja, hadi Mapinduzi ya Ufaransa yalipouvunja. Kilichobaki ni kipande kidogo kinachotunzwa kwenye Maktaba ya Taifa kule Paris.

Dhahabu iliyogeuka watu

Lakini hazina yake kubwa haikuwa ile ya makaburini. Siku hizo biashara ya watumwa ilikuwa kubwa. Watu walitekwa vitani, wakaletwa kwa meli na kwa makundi: Wasaksoni, Wabretoni, Wamori, Warumi, Wagali. Eligius akisikia kwamba shehena ya watu imefika, anakwenda mbio na pesa zake. Anawakomboa ishirini, thelathini, hamsini. Kuna wakati aliwakomboa mia kwa mara moja. Pesa zikiisha anavua mkanda. Mkanda ukiisha anavua joho, na hata chakula chake na viatu vyake vilikwenda huko.

Na hakuwakomboa ili wawe wake. Aliwapeleka mbele ya mfalme wakapewa uhuru kwa sheria, na hati mkononi. Kisha akawapa nafasi ya kuchagua. Anayetaka kurudi kwao, amsaidie safari. Anayetaka kubaki, abaki naye kama ndugu, si kama mtumwa. Anayetaka utawa, amtafutie monasteri.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana hapa. Aliyewahi kuhiji Bagamoyo, akaona mahali Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni mwaka 1868 na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani, anajua kwamba uhuru wa mtu uliwahi kuwa na bei, na kwamba kuna waliokubali kuilipa.

Inasemekana mgeni akiuliza nyumba ya Eligius iko wapi, watu walimwelekeza atazame mahali palipo na umati wa maskini mlangoni, basi ni hapo. Hata maiti za walionyongwa na kuachwa juani aliomba ruhusa ya mfalme azishushe na kuzizika.

Mimi nilipofika hapa nikapiga hesabu ya kisonara. Dhahabu iliyobaki kwenye kile kiti cha kwanza, mwingine angeificha, na leo isingekuwepo. Moyo ule ule uliorudisha mabaki kwa mfalme ndio uliokuja kuvua mkanda bandarini. Ukishazoea kuficha gramu, huwezi ghafla kutoa kilo.

Futi moja ya ardhi

Mwaka 632 Dagobert alimpa eneo la Solignac, karibu na Limoges, akajenga monasteri. Wamonaki wake walifika 150, kutoka mataifa mbalimbali, na wengi wao mafundi wa kazi mbalimbali. Paris nako alipewa nyumba akaifanya monasteri ya wanawake.

Ujenzi wa Paris ulipokuwa unakamilika, Eligius aligundua kwamba ardhi aliyotumia imezidi kipimo alichomwambia mfalme. Imezidi kwa futi moja. Futi moja jamani! Huku kwetu mtu anasogeza mpaka mita tatu na jioni anaenda jumuiya. Yeye alisimamisha kazi, akakimbilia kwa mfalme, akaanguka chini akilia na kuomba msamaha. Dagobert aliwageukia waliokuwepo, akashangaa jinsi maofisa wake wanavyomeza mashamba mazima bila kupepesa jicho, na huyu analia kwa futi moja. Akamwongezea zawadi maradufu.

Sonara anakuwa askofu

Dagobert alifariki mwaka 639. Mwaka uliofuata Eligius, akiwa bado mlei, alichaguliwa kuwa askofu wa Noyon na Tournai. Akajiandaa, akapewa daraja, na mwaka 641 akawekwa wakfu pamoja na rafiki yake Audoen. Eneo lake lilienea hadi Flanders na Antwerp, ambako wengi hawakuwa wamepokea Injili na hawakufurahi kumwona. Aliwaendea hivyo hivyo kwa miaka karibu ishirini. Fundi aliyezoea kurudia kipande kimoja mara kumi ana subira ya kuhubiri kijiji kimoja mara kumi.

Ipo hadithi maarufu kwamba farasi mkorofi alikataa kupigwa kiatu, Eligius akautoa mguu wake, akaupiga kiatu mezani, kisha akaurudisha bila jeraha. Hayo ni masimulizi ya watu wa baadaye, na ndiyo yaliyomfanya awe msimamizi wa wapiga kwato na waganga wa mifugo. Mimi miujiza yake inayonitosha ni ya viti viwili na futi moja.

Alifariki tarehe 1 Desemba mwaka 660, akiwa na umri wa miaka kama sabini. Malkia Bathilde alifika Noyon kumlilia. Malkia huyu naye aliwahi kuuzwa utumwani akiwa binti kabla ya kuolewa na mfalme Clovis II. Alitamani kuuchukua mwili aende nao kwenye monasteri yake ya Chelles, lakini jeneza, wanasimulia, lilikuwa zito halikunyanyuka, mpaka ikakubaliwa azikwe pale pale kwa watu wake. Aliyekuwa mtumwa anamlilia mkomboa watumwa. Hapo sina la kuongeza.

Kichupa changu

Sasa turudi kwenye droo.

Mama mmoja alikuja karakana akiwa na hereni na mkufu wa marehemu mama yake. Alitaka viyeyushwe vitoke pete mbili za ndoa ya mwanawe. Nilipima mbele yake: gramu 11.2. Pete zilipokamilika zilikuwa na gramu 9.7. Alipouliza kuhusu tofauti, nikamjibu kwa upole kabisa, kwa shikamoo zote, kwamba moto umekula, mama, ndiyo kazi yetu ilivyo. Akaitikia. Akalipa. Akanishukuru na kunitakia baraka.

Kilichopungua kwa kweli hakikufika robo gramu. Vipande na unga, zaidi ya gramu 1.2, vilikuwa kwenye ngozi ya meza yangu, na jioni vikaingia kwenye kichupa. Na hakuwa wa kwanza. Kilikuwa kichupa cha miezi mitano. Nilijiambia ni haki ya fundi, kwamba kila mtu anafanya hivyo, kwamba kodi ya chumba imepanda. Nilijiambia hata kwamba nitatoa zaka.

Baada ya kusoma habari ya tupa na moto wenye njaa, sikulala vizuri siku tatu. Jumamosi nikaenda kwenye Sakramenti ya Kitubio. Padre hakunikaripia. Aliniuliza kama wenyewe najua ni akina nani. Nikasema mmoja namjua, wengine siwakumbuki. Akaniambia cha anayejulikana kinarudi kwake, na cha wasiojulikana kinakwenda kwa maskini, kisibaki mikononi mwangu hata chembe.

Nilimpelekea yule mama gramu zake 1.2 kwenye karatasi. Nilitegemea labda atalia, atanikumbatia, tutasali pamoja. Haikuwa hivyo. Alikitazama kile kipande, akaniuliza mbona nilisema moto umekula. Nikamwambia nilidanganya. Akakaa kimya kirefu, kisha akasema dhahabu ile ilikuwa ya mama yake. Akapokea, akafunga mlango. Hajarudi karakana tena, wala simlaumu.

Mwenye karakana nilimweleza pia. Alikasirika, wiki nzima hakunisemesha zaidi ya kazi, maana niliyofanya yanaigusa meza yake nzima. Hakunifukuza. Kilichobaki kwenye kichupa kiliuzwa, na pesa zikaenda kwenye mfuko wa maskini wa parokia. Kodi ya chumba nililipa kwa kukopa. Deni nimelimaliza mwezi wa nne.

Siwaelezi haya ili mnione mwema. Nawaeleza kwa sababu niko mezani kila siku, na unga bado unadondoka kila siku.

Kwa wenzangu wa mezani

Wapo wasomaji wanaojifunza kazi hii, na wapo watakaokuja kwetu kama wateja. Haya ndiyo ninayojitahidi kuyashika sasa:

1. Pima mara mbili, mbele ya mwenye mali. Kabla ya kuyeyusha na siku ya kukabidhi. Andika uzito na karati kwenye risiti, na nakala ibaki kwako. Kama umeongeza dhahabu au lehemu yako, iandike pia.

2. Mkabidhi mabaki yake. Vipande na unga vya kila kazi viweke kwenye karatasi yake yenye jina. Mteja akitaka kukuachia au kukupunguzia bei ya ufundi kwa mabaki hayo, aamue mwenyewe akijua uzito wake.

3. Safisha ngozi ya meza kabla ya kazi mpya. Usichanganye karati 18 na karati 21 kwenye unga mmoja. Pitisha sumaku, itatoa vumbi la chuma la tupa na msumeno.

4. Usiseme karati kwa macho. Sugua kwenye jiwe jeusi la kupimia, tumia tindikali, linganisha na dhahabu unayoijua. Karati 18 ni sehemu 750 za dhahabu kati ya 1000. Ukiuza pungufu kwa jina hilo, hapo hata moto hausingiziwi.

5. Ukilehemu, kwanza maungio yakutane barabara. Yashike kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati, rudi kwenye tupa. Lehemu haizibi uvivu. Safisha, paka buraksi, kisha pasha kipande chote na si lehemu peke yake, maana lehemu inakimbilia penye joto.

6. Ukipachika jiwe, hakikisha limekaa halichezi kabla ya kukandamiza ukingo. Kandamiza upande huu, kisha upande unaoukabili, zamu kwa zamu. Ukianza kuzunguka moja kwa moja, jiwe litainama au litapasuka, na jiwe la watu halirudi.

7. Linda mwili wako, ni hekalu. Fungua madirisha, funga nywele, vaa miwani. Unapochanganya tindikali, mimina tindikali kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye tindikali.

Na wewe usiye sonara, una unga wako. Chenji ya dukani. Vocha ya ofisi. Dakika za mwajiri. Mafuta ya gari la watu. Injili ya Luka, sura ya 16, ina maneno ya Bwana kuhusu uaminifu katika kidogo. Isome leo kabla ya kulala, kisha kafungue droo yako.

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, ulimfundisha Mtakatifu Eligius kukupenda akiwa na nyundo mkononi na moto mbele yake. Utujalie sisi vijana mikono safi kazini, macho yanayokutafuta, na ujasiri wa kurudisha kisicho chetu hata kama hakuna anayekidai. Wabariki mafundi wote, na wateja wetu tuliowakosea. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Eligius, utuombee.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Mwenye kichupa kama changu asikate tamaa. Foleni ya kitubio Jumamosi huwa fupi kuliko tunavyodhani.